Kitabu na Siwa Vikae Chini ya Paa Moja

Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ilitumika kama gereza hadi 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Leo ndani yake mna maktaba na kumbi za maonyesho. Mpango huo unafaa kuigwa na kila mji wetu wa kale, kwani chombo cha kale kisicho na maandishi hubaki bubu. Itazameni siwa, baragumu la pembe ya ndovu la kisiwa cha Pate, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Apitaye huisifu nakshi yake akaenda zake. Lakini aliyeisoma tarikh, yaani historia iliyoandikwa, ya Pate anamjua Mwana Darini, aliyechongesha siwa kwa ajili ya sherehe ya kutahiriwa kwa mwanawe. Naye huitambua pembe ile kuwa ni hoja ya heshima na haki ya ukoo, iliyowagombanisha watu wa nyumba moja ya kifalme. Basi kwa nini tumlazimishe mtoto kuitafuta siwa mtaa huu, na habari zake mtaa mwingine?

Wako wasemao kwamba fedha hazitoshi kwa maktaba wala kwa makumbusho, sembuse vyote viwili. Hilo ndilo linalotia nguvu shauri letu: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inavitaja vyote viwili miongoni mwa kazi za kaunti, na jengo moja lina paa moja la kukarabati na mlinzi mmoja wa kulipwa. Wengine husema mwanafunzi anataka vitabu vya mtihani tu. Na aje kwa ajili ya mtihani. Akiinua macho, aione historia ya kwao. Pingamizi lenye uzito ni la chumvi na unyevu wa bahari, ambao kweli huila karatasi. Lakini miswada iliyomo masandukuni majumbani inaliwa na unyevu huo huo, na mchwa juu yake, huku mingine ikisomwa London na Hamburg na wageni walioithamini kabla yetu. Enyi wenye masanduku hayo, hamwombwi kuacha mali ya babu zenu: kubalini ipigwe picha, nakala ziwekwe maktabani. Nazo kaunti zitenge sasa, katika bajeti zao, chumba kikavu chenye kufuli na mtu aliyefunzwa kukitunza.