Mtoto Awekwe Katikati



Siku chache zilizopita alinijia binti mmoja niliyemwandaa kwa Kipaimara zamani. Leo ni mfanyakazi wa jamii. Huwafuatilia watoto ambao hakimu amewarudisha nyumbani baada ya kosa, pamoja na wale waliotoka katika makundi yenye silaha. Nilidhani angenieleza ugumu wa watoto hao, lakini hakumtaja hata mmoja. Alichokililia ni ofisi yake. Mwenzake mmoja huondoka na ufunguo wa pikipiki ya pekee waliyo nayo. Wengine wawili, yeye akiingia tu, huacha Kiswahili na kuendelea kwa lugha ya kwao asiyoielewa. Na mkubwa wao huziacha ripoti zake chini ya rundo la karatasi. Akaniuliza, “Mwalimu, nivumilie hadi lini?”

Kabla ya kumjibu, yafaa tuijue kazi yenyewe. Katika nchi za Kenya na Uganda kuna maofisa wa probesheni, wanaomsimamia mkosaji akiwa nje ya gereza. Kwetu, anayekaribiana nao ni mfanyakazi wa jamii anayeisaidia mahakama ya watoto. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai. Aliyefikisha miaka 14 bila kutimiza 18 huamuliwa na mahakama hiyo. Hakimu aweza kumkemea na kumrudisha kwa wazazi wake, au kumkabidhi kwa wenzi wa ndoa wenye mwenendo mwema, au kwa taasisi iliyokubaliwa.

Lakini hakimu hakioni kijiji. Anayekiona ni yule anayepanda milima ya Masisi na kuingia misitu ya Walikale, akazungumza na mama, mwalimu na mkuu wa kijiji, kisha akaandika aliyoyakuta. Maandishi hayo yakichelewa, mtoto hungoja. Yasipofika kabisa, aliyeweka bunduki chini aweza kuirudia, kwa maana porini yuko mtu anayemwita, na mtu huyo hachelewi.

Sisi wa Masisi tumelelewa kati ya malisho. Ile methali ya fahali wawili wanaopigana na nyasi zinazoumia hatukuihitaji kitabuni, tuliiona kwa macho. Katika ofisi ya binti yangu, nyasi ni mtoto.

Nakiri jambo moja. Kwa miaka mingi, kijana aliyenilalamikia wenzake kazini nilimjibu kwa maneno matatu: vumilia, samehe, sali. Leo naona nililisema nusu ya neno. Yuko mwenzako anayekuumiza wewe, na yuko anayemuumiza mtoto kwa kupitia kwako. Wa kwanza aweza kukunyima salamu, kukucheka, kujisifu kwa kazi uliyoifanya wewe. Huyo mvumilie, nawe utakua. Wa pili huzuia safari, hufungia ripoti, hudai fedha kwa wazazi, au huuliza mtoto ni wa kabila gani kabla ya kuuliza kama amekula. Mbele ya huyu, kunyamaza hakuitwi tena uvumilivu. Tangu vita vya 1993, vilivyoanzia Ntoto wilayani Walikale na kuenea hadi Masisi, tumejifunza kwa machozi jinsi swali hilo la kabila linavyoua.

Fungueni sura ya 18 ya Injili ya Mathayo. Wanafunzi wanauliza nani aliye mkubwa, swali linalosumbua ofisi nyingi hata leo. Yesu anamwita mtoto na kumsimamisha katikati yao. Baadaye, katika sura hiyohiyo, anafundisha namna ya kumwonya ndugu: kwanza ninyi wawili peke yenu, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, na mwisho mbele ya jumuiya. Mimi nasoma mafundisho hayo mawili pamoja. Anayemwonya mwenzake bila kumwona mtoto aliye katikati, mara nyingi anapigania kiti chake.

Basi nilimshauri binti yangu afuate ngazi hizo. Alimwendea peke yake yule wa pikipiki. Akagundua kwamba mishahara ilipochelewa, yule baba alikuwa akibeba abiria jioni ili nyumba yake ipate chakula. Kosa halikufutika, ila uso wa mkosaji ulibadilika. Walipanga siku za safari na kuziandika ukutani. Kisha akaenda kwa mkubwa wao pamoja na mwenzake mwingine, kila ripoti ikiwa na nakala mbili, moja ya kubaki kwake ikiwa na tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Ripoti mbili zimeondoka, ya tatu ingali inangoja. Wale wawili bado wanaongea lugha yao, naye ameamua kuwasalimu kwayo kila asubuhi, kwa maneno machache aliyojifunza sokoni. Habari za watoto hakuzipeleka barabarani wala katika simu za marafiki, kwa sababu siri ya mtoto si silaha ya kumpigia mwenzako.

Siwadanganyi kwamba njia hii haina gharama. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiwafikie watu, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025. Simtaji ili mtafute hatari. Ndiyo maana ngazi ya pili ina shahidi: mtu asibaki peke yake. Na shahidi huyo, kwa rafiki yenu aliye kazini, aweza kuwa mmoja wenu.

Maswali ya kikundi:

1. Ni mwenzangu yupi ninayemvumilia kwa upendo, na ni yupi ninayemnyamazia kwa woga?

2. Katika ugomvi wetu wa sasa, ni nani aliye katikati, naye anangoja nini kwetu?