Nani Ana Ufunguo wa Kompyuta Yetu?



Hebu niwaulize swali moja. Ile kompyuta ya kikundi chenu, ile inayokaa pembeni ofisini na kufunikwa kitambaa jioni, ni watu wangapi wanaweza kuingia ndani yake? Usikisie. Wataje kwa majina.

Mimi nilipoulizwa swali hili nilijibu haraka: wanne. Wallahi nilikuwa na uhakika. Kumbe ilikuwa na akaunti saba.

Mambo yalikuwa hivi. Kompyuta yetu ilikuwa na faili ya vijana waliokuja kutafuta usaidizi wa kitambulisho. Jina lake, la baba na la babu, nambari ya simu, kijiji anachotoka. Mtu hukupa maelezo kama hayo kwa sababu amekuamini. Siku moja katibu wetu akakuta nakala ya faili hiyo imeachwa kwenye folda ambayo kila mtu anaifikia. Maneno yakaanza. Huyu anamtazama yule. Lawama zikamwangukia kijana mmoja aliyekuwa akija kuchapisha barua zake za kuomba kazi. Ushahidi hakuna. Kosa lake ni kwamba hakuwa mmoja wetu.

Dada yetu mmoja anayesomea kompyuta chuoni akasema: "Mbona mnauliza watu kabla ya kuiuliza kompyuta?" Akafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, akaandika maneno mawili:

net user

Orodha ikatoka hapo hapo. Ukiondoa zile akaunti ambazo Windows yenyewe hujitengenezea, kama Administrator na Guest, zilibaki saba. Nne zetu. Moja ya fundi aliyekuja kurekebisha printa na hakurudi tena. Moja ya mafunzo yaliyokwisha zamani. Na moja ya mwenzetu aliyehama mji miaka miwili nyuma.

Akaandika tena net user, safari hii akaongeza jina la huyo aliyehama. Kompyuta ikatoa maelezo yake yote: akaunti inafanya kazi au imefungwa, paswadi ilibadilishwa lini, yuko kwenye kundi gani. Kundi lake lilikuwa Administrators, yaani anaweza kufungua kila kitu. Halafu kuna mstari unaosema Last logon. Tarehe yake ilikuwa ya wiki iliyopita.

Mtu aliyeondoka miaka miwili nyuma ameingia wiki iliyopita? Tulikaa kimya.

Ukweli ulipojulikana, ulitutia aibu. Paswadi ya akaunti ile ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi. Mmoja wetu, katika wale wanne, akisahau paswadi yake hutumia hiyo. Ndiye aliyenakili faili ili amalizie kazi, akasahau kuifuta. Yule kijana wa barua hakugusa kitu. Tulimwendea tukamwomba radhi. Lakini neno likishatoka mdomoni halirudi.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na ndio ninaotaka kuuweka mbele yenu: kujua nani ana ufunguo wa kompyuta si kazi ya fundi peke yake. Ni kazi ya kila anayeshika majina ya watu. Serikali ikilipa wafanyakazi hewa tunapiga kelele. Je, akaunti hewa zilizo kwenye ofisi zetu?

Msidhani hili ni tatizo la vikundi maskini tu. Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley kule California, mnajimu mmoja aitwaye Clifford Stoll alipewa kazi ya kutafuta kwa nini hesabu za matumizi ya kompyuta zina tofauti ya senti 75. Senti tu! Wengi wangeipuuza. Yeye akafuatilia, akakuta akaunti ambayo haina anwani ya kulipia. Baadaye akaona akaunti ya mtu mwingine inatumika ilhali mwenyewe yuko Uingereza. Aliendelea kufuatilia kwa miezi, na njia ikamfikisha hadi mji wa Hannover, Ujerumani Magharibi, kwa kijana aitwaye Markus Hess aliyekuwa akiiba taarifa na kuziuza kwa majasusi wa Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1990 mahakama ikamtia hatiani.

Angalieni: mlango aliotumia ulikuwa akaunti ya mtu asiyekuwepo. Kama yetu tu.

Sasa kuna upande wa pili, na hapa naomba msikilize vizuri. Swali la "nani yumo" linaweza kuulizwa na mwenye nyumba, na linaweza kuulizwa na mwizi pia. Yule Hess naye kila akiingia alikuwa akiangalia kwanza ni nani yuko kwenye mashine, asije akaonekana.

Kwenye kompyuta za jamii ya Unix kulikuwa na amri maarufu ikiitwa finger. Iliandikwa mwaka 1971 na Les Earnest, katika maabara ya akili bandia ya Stanford. Aliwaona wenzake wakipitisha kidole kwenye orodha ya watumiaji kumtafuta mtu, ndipo jina likazaliwa. Ukiandika finger na jina la mtu, unapata jina lake kamili, ofisi yake, simu yake, mara ya mwisho aliingia lini. Baadaye ukaweza kumuuliza hata mtu aliye kwenye kompyuta ya mbali. Kwa watu wanaofahamiana, lilikuwa jambo la ujirani mwema.

Tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Cornell aitwaye Robert Morris aliachia programu inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mojawapo ya njia zake ilikuwa mwanya uliokuwa ndani ya programu ya finger. Na ikishaingia, ilisoma orodha ya watumiaji na kujaribu kukisia paswadi zao kwa majina yao wenyewe: jina la akaunti, jina la kwanza, jina la ukoo, hata jina lililogeuzwa nyuma mbele. Maelfu ya kompyuta yalilemewa. Leo mashine nyingi hazijibu tena swali la finger kutoka nje.

Funzo ni nini? Maelezo ya mtumiaji, hata yale madogo, ni amana. Jina lako likiwa ndio paswadi yako, umemkabidhi mgeni ufunguo.

Basi tufanye nini? Mimi naona mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji pesa.

Kwanza, kila mwezi kaeni wawili mbele ya kompyuta ya kikundi muiulize. Kwenye Windows andikeni net user muone orodha, kisha net localgroup administrators muone nani ana mamlaka ya juu. Kwenye Linux, who inaonyesha nani yumo sasa hivi, last inaonyesha walioingia na kutoka, na id pamoja na jina la mtu inaonyesha makundi yake. Andikeni majibu kwenye daftari. Nasema wawili, kwa sababu mmoja peke yake anaweza kuonea au kuonewa.

Pili, akaunti isiyo na mwenyewe ifungwe siku hiyo hiyo. Fungua kidirisha kwa mamlaka ya msimamizi, andika net user, jina lenyewe, halafu /active:no. Hujafuta kazi yake, umefunga mlango tu. Akirudi, utamfungulia.

Tatu, kila mtu awe na akaunti yake. Ofisi nyingi zina akaunti moja ya wote na paswadi 1234. Hapo hata ukiuliza, kompyuta itakwambia "wote," na jibu hilo halimlindi asiye na hatia.

Nne, na hili ndilo gumu: tusiigeuze elimu hii kuwa upelelezi. Mashine uliyopewa dhamana nayo, iulize. Mashine ya saiba, ya shule, ya jirani, usiiguse. Kuingia kwenye kompyuta bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Na Katiba yetu, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikafuatiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hizi si za kuwadai wakubwa tu. Zinatubana na sisi tunaoshika orodha za watu.

Kuna atakayesema: sisi tunaaminiana, kwani lazima tuchunguzane? Ndugu yangu, na sisi tulikuwa tukiaminiana. Kuaminiana kwetu hakukumsaidia yule kijana wa barua hata kidogo. Kilichomsafisha ni mstari mmoja wa tarehe kwenye skrini nyeusi. Na hata mstari ule haukutosha, maana jina la akaunti si uso wa mtu. Mashine ilitwambia mlango upi ulifunguliwa na lini. Nani aliufungua, ilibidi tuulizane kwa adabu, mpaka mmoja wetu akasema: ni mimi.

Siku hizi tuko wanne, na akaunti ni nne. Ile karatasi ya chini ya kibodi tuliichoma. Faili ya vitambulisho ina paswadi yake, na daftari letu la kila mwezi liko wazi, mwanachama yeyote anaweza kulisoma.

Kwa hiyo leo ukifika ofisini, kabla hujafungua kitu kingine, fungua kile kidirisha. Andika net user. Hesabu majina. Likitokea jina usilolijua, usimtazame mgeni aliye mlangoni. Anza kwa kujiuliza wewe mwenyewe uliyeachiwa ufunguo.