Maaskofu wanagombea mkuu wa shule, kasisi analipwa na nani?

Kila serikali inapotoa orodha ya uhamisho wa wakuu wa shule, iwe Kampala au Nairobi, tunajua kitakachofuata. Wazazi watafika langoni na mabango. Wanafunzi wa zamani, wengi wao sasa mawakili na wabunge, wataandika barua. Askofu wa dayosisi atatoa tamko kwamba kanisa halikushirikishwa. Baada ya wiki mbili mkuu mpya atapokewa, atapigwa picha na bodi chini ya mti uleule wa miaka yote, na ugomvi utalala hadi orodha nyingine itoke.

Kwa shule zilizoanzishwa na Kanisa la Anglikana, ambazo ni miongoni mwa kongwe katika ukanda huu, mvutano huo umezoeleka mno. Nami naona kanisa linagombea kiti ambacho si chake tena, huku likiacha wazi viti ambavyo sheria imeliachia. Shule ya bweni haiongozwi na mkuu peke yake. Inaongozwa na mkuu, manaibu wake, mhasibu, mwalimu wa mabweni, matroni, kasisi na bodi. Katika kundi hilo kanisa lina mlango halali wa kuingilia, lakini linaupita kila siku likienda kugonga mlango wa waziri.

Hili ni suala la majirani wote, si la nchi moja. Mwaka 1884 Waanglikana wa sehemu kubwa ya ukanda huu waliwekwa chini ya dayosisi moja, ile ya Ikweta ya Mashariki ya Afrika, na askofu wake wa kwanza, James Hannington, akauawa Busoga mwaka uliofuata. Shule zilifuata njia zilezile za wamisionari. Gayaza ilifunguliwa 1905 kwa ajili ya wasichana, kisha King's College Budo na Maseno zikafuata 1906. J. J. Willis, aliyeanzisha Maseno, ndiye aliyekuja kuwa Askofu wa Uganda mwaka 1912. Apolo Kivebulaya, Mganda, alikuwa amekwisha kufika Boga, Kongo, tangu 1896. Kusini, wamisionari wa UMCA walikuwa na chuo chao cha Mtakatifu Andrea pale Kiungani, Zanzibar, ambacho baadaye kilihamia Minaki, bara. Mipaka ya leo haikuzizuia shule hizi kuwa ndugu.

Enzi hizo swali la nani anaongoza halikuwa na utata. Mkuu alikuwa mmisionari, na neno lake ndilo la mwisho kuanzia kanisani hadi jikoni. Mfano unaotajwa zaidi ni Edward Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge. Alikuja Maseno 1928, akahamia Alliance, Kikuyu, mwaka 1940 na kubaki hapo hadi 1962. Alliance ilikuwa ya makanisa kadhaa ya Kiprotestanti, si ya Waanglikana pekee, lakini yeye alikuwa mtu wa CMS. Wengi waliopita mikononi mwake walikuja kuketi katika serikali ya kwanza ya Kenya huru. Alipostaafu hakurudi Uingereza. Alikwenda kufundisha Pumwani, Nairobi, hadi alipofariki 1966. Heshima anayopewa ameistahili.

Lakini sifa za watu wa aina yake zimetuachia ugonjwa mmoja, nao ni kuamini kwamba shule ni mtu. Budo ilionja matokeo ya imani hiyo mapema. Mwaka 1942, mwaka uleule Mutesa II alipotawazwa, ghasia zilizuka shuleni hapo, shule ikafungwa na uchunguzi ukafanywa. Mkuu, Dennis Herbert, hakuwa mtu mbaya. Shule ilikuwa na majengo, ilikuwa na jina, na ilikaa juu ya kilima ambako Makabaka hutawazwa. Kwa usomaji wangu wa yale yaliyoandikwa na wanahistoria, kilichokosekana ni kitu kati ya mkuu na wanafunzi: walimu walikuwa wamegawanyika, wanafunzi wa zamani walikuwa na hasira zao, na mkuu alikuwa mbali na kilichokuwa kikichemka chini yake. Kaulimbiu ya Budo kwa Kiganda ni Gakyali Mabaga, yaani kazi ndiyo kwanza inaanza. Mwaka ule ilikuwa kweli kupita walivyokusudia.

Serikali huru zilipokuja zilichukua kiti cha mkuu, na zilikuwa na sababu. Zilikuwa zinalipa walimu, na shule zilizojengwa kwa ajili ya watoto wa dhehebu moja zilitakiwa kufundisha watoto wa taifa zima. Tanzania ilikwenda mbali zaidi kwa sheria ya mwaka 1969 iliyotaifisha shule za mashirika ya dini. Minaki ni ya serikali hadi leo. Shule ya Dodoma iliyoitwa Alliance ikawa Mazengo, na ni baada ya miaka mingi eneo lake lilirudi kwa kanisa, ambapo mwaka 2007 pakaanzishwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Kenya na Uganda hazikutaifisha kwa namna hiyo. Ziliacha majina, makanisa na misalaba mahali pake, zikachukua mishahara ya walimu na uteuzi wa wakuu. Kenya leo mwajiri ni Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kwa mamlaka ya Katiba yenyewe. Uganda kuna Tume ya Utumishi wa Elimu, na wizara ndiyo inayompanga mkuu aende wapi.

Askofu anayesema mkuu wa shule ya kanisa lazima awe Mwanglikana anaomba kitu ambacho tume ya serikali haiwezi kumpa bila kujivunjia sheria. Isitoshe, nimekutana na wakuu Wakatoliki na Wasabato wanaoziheshimu ibada za asubuhi kuliko baadhi ya Waanglikana waliobatizwa papo hapo.

Sasa tutazame sheria ilichoacha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 27, inaorodhesha kazi za kanisa mfadhili. Mojawapo ni kutoa ushauri na usimamizi katika mambo ya kiroho, pamoja na kuteua kasisi wa shule kwa gharama ya mfadhili mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho ndiyo tunayoyakwepa. Hapo hakuna haja ya kumwomba waziri wala kusubiri orodha ya TSC. Kinachotakiwa ni mshahara.

Tembelea shule hizi siku ya kawaida, si siku ya maadhimisho, uulize kasisi yuko wapi. Mara nyingi utaambiwa ni mchungaji wa parokia ya jirani, anayekuja Jumapili kwa pikipiki akitoka shule nyingine, na ana mazishi mchana. Au utaonyeshwa mwalimu wa somo la dini aliyebandikwa cheo hicho juu ya vipindi vyake vingine. Au shemasi kijana aliyewekwa hapo asubiri parokia itakayompa zaka za kutosha. Dayosisi ina gari la askofu, ina kamati ya ujenzi wa kanisa kuu, lakini fungu la kasisi wa shule yenye watoto zaidi ya elfu moja halimo kwenye bajeti.

Wanaodhani kasisi ni mtu wa kuongoza nyimbo hawajaishi bwenini. Katika timu nzima ya uongozi, yeye ndiye mtu mzima pekee ambaye hasahihishi mitihani, hatoi adhabu na hadai karo. Mtoto aliyefiwa na mama katikati ya muhula humwendea yeye. Anayeonewa na wa vidato vya juu, anayeogopa kwamba akisema kwa naibu mkuu atajulikana, humwendea yeye. Mgomo unapopikwa, kasisi anayelala shuleni huusikia siku tatu kabla. Wa Jumapili huusikia redioni kama sisi wengine. Na kwa kuwa shule hizi zina Waislamu, Wapentekoste na Wakatoliki, kasisi mzuri ndiye anayejua nani amekosa futari na nani analazimishwa ibada isiyo yake. Sheria hiyohiyo ya 2013 inamtaka mfadhili azilinde dini za wengine. Kesi ya hijabu ya shule ya Kiwanjani, Isiolo, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti, ilifika hadi Mahakama ya Juu na kuamuliwa Januari 2019. Jambo lililoanzia kwenye sare ya shule lilizunguka mahakamani miaka kadhaa. Katika shule yenye mtu wa kusikiliza, mengi ya namna hiyo yangemalizwa ofisini kwa chai.

Mlango wa pili ni bodi. Kenya, mfadhili ana wajumbe watatu katika bodi ya shule, na bodi hiyo ndiyo huajiri wafanyakazi wasio walimu. Uganda pia kanisa mwanzilishi lina wajumbe wake. Yaani kanisa haliteui mkuu, lakini lina sauti juu ya nani awe matroni, nani alinde lango usiku, nani ashike vitabu vya hesabu. Na bado viti hivyo hupewa mzee mstaafu kama zawadi ya utumishi, anayekuja mara moja kwa muhula, kula chakula cha mchana na kusaini posho. Hajawahi kuuliza bwenini kuna milango mingapi.

Nauliza kuhusu milango kwa sababu. Aprili 2008 moto ulizuka usiku katika bweni la wasichana la Shule ya Msingi ya Budo, jirani na King's College, na kuua karibu watoto 20. Kyanguli, Kenya, mwaka 2001 walikufa wavulana 67 katika bweni lenye nondo madirishani na mlango uliofungwa. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, walikufa 21. Shule hizo si za mwanzilishi mmoja wala nchi moja, na simnyooshei mtu kidole kuhusu chanzo. Ninachosema ni kwamba saa saba za usiku mkuu wa shule amelala nyumbani kwake. Uongozi wa saa hiyo ni matroni mmoja, mlinzi mmoja na funguo. Kama matroni analipwa kidogo kiasi cha kufanya biashara nyingine mchana, na kama mlinzi ni mpwa wa mjumbe wa bodi, huo ndio uongozi wa shule, hata kama mkuu ana shahada tatu.

Uthabiti wa timu nao una thamani ambayo tume za serikali hazijaipima. Gayaza iliongozwa na Joan Cox kwa miaka mingi, kisha na Sheelagh Warren hadi 1990. Vipindi hivyo viwili vilivuka utawala wa Amin, vita vya 1979 na vita vya msituni vya Luwero. Leo mkuu akiachwa mahali pamoja miaka mitano anashukuru. Siombi turudi kwa wakuu wa miaka ishirini. Wengine waligeuka wafalme. Lakini kama kilele kinabadilishwa mara kwa mara, basi naibu, mhasibu na kasisi wasibadilishwe mwaka huohuo, na makabidhiano yawe ya wiki nne, si ya mchana mmoja wa kuhesabu viti mbele ya mkaguzi.

Tanzania tatizo limekaa upande wa pili. Shule za Kianglikana zilizofunguliwa upya tangu milango ya shule binafsi ilipolegezwa ni mali ya dayosisi, na askofu anaweza kumteua yeyote. Hapo hatari ni mhasibu anayepokea maagizo kutoka ofisi mbili, ya mkuu na ya dayosisi, na ada ya watoto ikageuka mfuko wa kuezekea nyumba za wachungaji. Wakenya wanaotamani uhuru huo waje kwanza wakae na wakuu wa Dodoma au Tanga, wasikie.

Na kukaa pamoja kungewezekana. Kati ya nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, saba zina kanisa la Anglikana lenye jimbo lake na askofu mkuu wake. Soko la Pamoja lilianza Julai 2010. Vyuo vikuu vina baraza lao la ukanda lenye makao Kampala. Wakuu wa shule za sekondari hawana chombo rasmi cha namna hiyo. Naibu mkuu wa Maseno hajui mwenzake wa Budo anashughulikiaje simu za mkononi bwenini, ingawa wote wanapokea watoto walewale wa Sudan Kusini na Kongo wanaovuka mpaka kutafuta elimu. Maaskofu wakuu wanapokutana wangeweza kukubaliana jambo dogo: muhula mmoja kwa mwaka, manaibu na wahasibu wachache wabadilishane shule. Uganda iliamua mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima, kwa hiyo hata lugha ya mazungumzo ipo.

Gharama yake ni nauli ya basi na kitanda. Kasisi ni ghali zaidi, maana anahitaji nyumba ndani ya uzio wa shule na mshahara unaofika mwisho wa mwezi. Sinodi za dayosisi zitaketi tena na makabrasha ya bajeti yatagawiwa kwa wajumbe. Mjumbe atakayepewa lake alifungue kwenye ukurasa wa elimu, atafute mstari huo kabla hajapiga kura ya tamko jingine la kumlaumu waziri.