Choo Kwanza, Kilele Baadaye

KANDO YA BARABARA
Na Subira Mwakalinga

Matembezi ya Jumamosi huharibika kabla gari halijawashwa, na wanaume wengi hawajui hivyo. Wao huangalia mafuta na matairi, wakahesabu nani ameshachanga na nani bado anaandika "nitatuma kesho" kwenye kundi la WhatsApp. Wanawake tuna hesabu yetu: huko tuendako, tutajisaidia wapi? Jibu likikosekana, chai ya asubuhi hainyweki. Maji ya njiani hayanyweki. Mtu anafika chini ya mlima koo limekauka kwa kupenda mwenyewe, na huyo huyo ndiye tutakayemnung'unikia saa moja baadaye kwamba anatuchelewesha.

Mvua zikishakatika, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini safari hizi hupangwa kila kona. Walimu wanapanga, wanakwaya wanapanga, vikoba vinavunja kibubu kidogo cha nauli. Walioko Mbeya wanautazama Loleza ulioinamia jiji, au Kilele cha Mbeya chenye zaidi ya mita 2,800, na wenye mapafu ya kujaribia wanautaja Rungwe, unaokaribia mita 3,000. Walioko Iringa wana bahati ya kupata vitu karibu. Jioni unapanda jiwe la Gangilonga ukiwa bado na viatu vya kazini. Kalenga unakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, ukiwa umeliona fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Isimila ni mwendo wa kilomita 20 hivi kwa barabara ya Mbeya, na ukishaingia korongoni unatembea kati ya nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, mahali ambapo mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliokota zana za mawe na kuwafungulia njia wachimbuzi. Kwa Wahehe wanaopenda kubishana kuhusu historia, siku moja haitoshi.

Lakini safari inayopendwa kuliko zote kwa upande wetu ni Ziwa Ngozi. Unashika barabara ya Tukuyu, unashukia maeneo ya Isongole kwenye viazi na ukungu, unaingia ndani kwa miguu au kwa bodaboda hadi ukingo wa msitu. Kuanzia hapo ni kupanda. Njia ina matope ambayo hata Agosti hayakauki sawasawa, mizizi imelala juu yake kama ngazi iliyojengwa na fundi mlevi, na sehemu ya mwisho unatumia mikono. Ukifika ukingoni, ziwa liko chini kabisa, kijani, limezungukwa na kuta za msitu, na wale waliokuwa wakipiga kelele njia nzima wananyamaza wenyewe.

Katika njia hiyo nilimkuta rafiki yangu ameketi juu ya mzizi, kichwa mikononi. Nikampa chupa ya maji. Akaigusa tu mdomoni, akanirudishia. "Nikinywa nitakwenda wapi?" Mbele yetu vijana wameshapotea, spika yao ndogo inasikika kwa mbali. Yule kijana aliyetuongoza akageuza uso, akajifanya anaukagua mti. Tangu saa kumi na moja alfajiri mwanamke huyu alikuwa hajanywa kitu, na ilikuwa inakaribia saa tano. Hakuwa mgonjwa wala mnene, wala hakukosa mazoezi kama walivyosema wenzetu waliokuwa wametangulia. Alikuwa na kiu.

Najua jibu la wengi: msitu ni mkubwa, achimbe dawa. Sawa. Sote tumechimba dawa katika nchi hii, na atakayebisha hajawahi kupanda basi la mchana kutoka Dar es Salaam kuja Mbeya. Basi linasimama, konda anapiga ubavu wa gari, wanaume upande huu, wanawake upande ule, dakika tano. Februari, mahindi yakiwa yamesimama, mambo yanakwenda. Njoo Agosti: mahindi yameshavunwa, mabua yamelishwa ng'ombe, na shamba ni kiwanja cha mpira. Bibi wa miaka sabini anafunguliwa khanga na binti yake ili amkinge na macho ya abiria waliobaki dirishani. Na lile shamba lina mwenyewe. Kesho asubuhi atapita na jembe.

Sasa tuje kwenye biashara, maana hoja ya heshima peke yake haijawahi kumtoa mhasibu wa halmashauri kwenye kiti chake. Kati ya Iringa na Mbeya pekee kuna zaidi ya kilomita 300, na karibu kila kituo cha barabara hii kina mazao yake. Ukitokea Dar, kabla hata ya kufika Iringa, Ruaha Mbuyuni ni vitunguu. Ukishapanda mlima Kitonga, Ilula ni nyanya kwenye ndoo na matenga. Mafinga kuna asali na harufu ya mbao mbichi. Chimala na Igurusi ni mchele, Uyole ni viazi kwa gunia, tena lumbesa. Yote haya yanauzwaje? Kwa kukimbizana. Muuza mayai anakimbia na ndoo yake kando ya basi, yai limeshamenywa, amelipasua kwa kisu na kujaza kachumbari, amelifunga kwa kipande cha karatasi cha daftari la mtoto. Abiria ameshanyoosha mkono na noti ya elfu tano, dereva anatia gia. Ama yai linaondoka bila kulipiwa, ama chenji inabaki Chimala. Mara nyingi kila mmoja anahisi ameibiwa.

Tazama panapokuwa na choo. Pale mabasi yanaposimama kwa chakula, mtu analipa mia mbili au tatu, anatoka ametulia, ananawa, halafu anaanza kutazama. Hapo ndipo vitunguu vinapouzika. Anauliza bei, anashusha, anachagua, anamkumbuka mama mkwe. Mtu aliyebanwa hanunui kitu isipokuwa maji, na hata hayo anayaogopa.

Wajapani waliliona hili mapema. Mwaka 1993 walianza kusajili vituo vya kando ya barabara, wenyewe wanaviita michi-no-eki, na leo viko zaidi ya 1,000. Sharti ni kwamba choo na maegesho viwe wazi saa 24, bure, na pawe na mahali pa kupata habari za eneo lile. Soko la wakulima likakua pembeni, na kwenye vituo vingi ndilo linalovuta watu. Mzee anashusha kabichi zake asubuhi, zina bei aliyoipanga mwenyewe, jioni anarudi kuchukua hela. Nadhani mkulima wa Ilula angeuelewa mpango huo bila semina.

Sisi tumezoea kuufikiria utalii wa kusini kwa vitu vikubwa. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, na macho yote yakaenda kwenye hifadhi nne: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na ile ya Selous ambayo sehemu yake leo ni Nyerere. Twiga ni mzuri, sina ugomvi naye. Ila mwalimu wa Rujewa mwenye Jumamosi moja na elfu thelathini hatakwenda kumtazama. Atakwenda Ngozi, atapita Daraja la Mungu pale Kiwira, atanunua mkungu wa ndizi na maparachichi akirudi. Huyu ni mtalii pia, na hela yake inaingia mfukoni mwa mama wa kijijini siku hiyo hiyo.

Na sasa hivi kuna nafasi ambayo haitarudi upesi. Jijini Mbeya barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, iko mikononi mwa wajenzi. Mitaro inachimbwa, ardhi inapimwa, watu wanalipwa fidia. Kutenga kipande cha ardhi kwa ajili ya kituo kama cha Wajapani wakati greda liko pale pale ni rahisi. Kukitafuta baada ya fremu za maduka kujipanga hadi ukingoni ni kesi mahakamani. Kampeni ya Nyumba ni Choo ilitufundisha kuoneana aibu majumbani, na ilifanya kazi nzuri. Ila ikatuacha mlangoni, haikutoka nasi barabarani.

Kwa upande wa milimani sitaki makubwa. Matundu mawili au matatu ya choo mahali njia inapoanzia, tangi la maji ya mvua, ambayo Rungwe hatujawahi kuyakosa, na kibao kinachoeleza kupanda ni saa ngapi na malipo ya mwongozaji ni kiasi gani, ili yule kijana asilazimike kubahatisha bei kwa kuangalia viatu vya wageni.

"Nani atasafisha?" aliniuliza diwani mmoja nilipolisema hili, akidhani amenimaliza. Atasafisha mama ambaye nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya msitu. Tayari wageni wanabisha hodi kwake kila Jumamosi kuomba choo, na yeye anawapa bure kwa sababu anaona haya kudai. Halmashauri ichimbe shimo na kuweka tangi, mama apewe funguo na ruhusa ya kutoza mia tatu. Usafi utaonekana kuanzia wiki ya kwanza, maana choo kikinuka, mteja atarudi kwenye mahindi, na Agosti mahindi hayapo.