Ada ya Taka za Bustani Iwe ya Haki

KATIKA kupanga ada za kuzoa taka, halmashauri za miji yetu hazina budi kuyatazama majani, nyasi na matawi yanayotoka katika bustani za nyumbani. Mara nyingi ada hupangwa kwa kaya au kwa eneo, na taka za kila namna huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Sisi tunaona kuwa utaratibu huo hauna haki.

Chukua mtaa mmoja, tuseme Sinza jijini Dar es Salaam. Mpangaji wa chumba cha uani hana hata mahali pa kupanda mrehani; taka zake ni kiroba kimoja cha maganda na majivu. Jirani yake mwenye bustani akifyeka ua wa michongoma na kupunguza mwembe, hutoa rundo zima. Matawi hayashindiliki, hivyo hujaza gari upesi, na viroba vya wengine hubaki vikioza barabarani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini huyu mpangaji anaubeba kwa fedha zake mwenyewe.

Gharama kubwa ni usafiri. Mwaka 1988 Mahakama Kuu iliiamuru Halmashauri ya Jiji iache kutupa taka Tabata, baada ya wakazi kulalamikia moshi na harufu. Jaa lilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Kila lilipohamishwa, wananchi wengine walipata karaha ile ile. Kusafirisha nyasi hadi Pugu kwa mafuta ya bei kubwa, nyasi ambazo zingeweza kuwa mbolea, ni hasara tupu.

Kwa hiyo tunapendekeza taka za bustani ziwe na ada yake, inayotozwa kwa mzigo, na asiye na bustani asitozwe. Anayetengeneza mboji nyumbani naye asitozwe, kwa kuwa ameipunguzia halmashauri kazi.

Hata hivyo, tunatoa tahadhari. Ada ikizidi uwezo wa watu, mwenye bustani atamwita kijana wa mkokoteni, atampa fedha kidogo, wala hatauliza mzigo unakwenda wapi. Mara nyingi huishia mtaroni au bonde la mto. Masika yakifika, mtaro uliozibwa na matawi hurudisha maji majumbani, na wanaofurikiwa ni wale wa mabondeni, ambao hawakukata tawi hata moja. Afadhali halmashauri imwandikishe kijana huyo na kumwekea kituo cha karibu cha kushushia mzigo, kuliko kumfukuza. Kutoka hapo majani yageuzwe mboji. Jambo hili linawezekana; huko Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni ilijenga kiwanda cha mboji kwa msaada wa jiji la Hamburg, Ujerumani.

Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo za ada. Uwezo huo usitumiwe kimya kimya. Ada ijadiliwe kwanza katika mkutano wa mtaa, na gharama ya mafuta, gari na wazoaji ielezwe kwa lugha rahisi. Kisha kiwango kibandikwe katika ofisi ya mtaa, na kila alipaye apewe stakabadhi. Mwananchi hakatai kulipa anapoona gari limekuja. Hukataa kulipa huku rundo likiendelea kukua mlangoni pake.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Mwenye kufurahia kivuli cha mti wake akubali pia gharama ya majani yake. Halmashauri nayo ikishapokea fedha hiyo, gari lije kwa siku iliyotangazwa.