Mwili wa Mwanamke Katika Rangi za Maji

Mwalimu akimkuta mwanafunzi amechora mwili wa mwanamke asiye na nguo, mara nyingi karatasi huchanwa, adhabu hutolewa, na shauri huwa limekwisha. Lakini kuchana karatasi si kufundisha. Kijana aliyenyimwa maelezo hubakiwa na mawazo mawili: ama kwamba mwili ni aibu, ama kwamba ni bidhaa. Yote mawili ni potofu, na walimu wa Kiomboi, sawa na wenzao kokote nchini, wana wajibu wa kuyang'oa.

Mfano wa kupimia jambo hili ni Sir William Russell Flint, mchoraji aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1880 na kufariki mwaka 1969. Wengi waliosoma Mashimo ya Mfalme Suleimani shuleni huenda hawajui kwamba yeye ndiye aliyechora picha za toleo la Kiingereza la kitabu hicho lililotoka mwaka 1905. Baadaye sifa yake ilisimama juu ya mambo mawili, yaani rangi za maji na miili ya wanawake. Tangu mwaka 1936 hadi 1956 alikuwa Rais wa Chama cha Kifalme cha Wachoraji wa Rangi za Maji cha Uingereza.

Ufundi wake haukanushiki. Mchoraji wa rangi za mafuta akikosea hufunika kosa lake kwa rangi nyingine. Wa rangi za maji hana maficho. Rangi yake ni nyepesi, na weupe wa karatasi ndio nuru yote ya picha. Akitaka bega ling'ae kwa jua, hana budi kuiacha karatasi tupu mahali hapo tangu mwanzo, kisha apitishe rangi pembeni mwake kabla maji hayajakauka. Mwili nao haukubali udanganyifu. Mti ukipinda hakuna atakayeuliza, lakini mkono ukirefushwa kidogo hata mtoto huona.

Hata hivyo, ufundi ni jambo moja na fikra ni jambo jingine. Wanawake katika picha nyingi za Flint wamejilaza, au wamekaa kando ya maji, au wanasubiri tu. Hata anapowachora wakifua nguo, kinachosemwa ni uzuri wa maungo, si uzito wa kazi. Wamewekwa pale ili watazamwe, na anayekusudiwa kuwatazama ni mwenye fedha za kununua.

Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, alisoma Makerere, na baadaye, kati ya mwaka 1952 na 1955, katika shule ya sanaa ya Slade jijini London, miaka ileile ambayo Flint alikuwa Rais wa chama chake. Slade ilisifika kwa kufundisha uchoraji wa mwili wa binadamu kwa kumtazama mtu aliye mbele ya mwanafunzi. Lakini Ntiro hakurudi na wanawake waliojilaza. Kwa rangi za mafuta alichora watu wa vijijini wakifanya kazi na kusherehekea pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Katika picha za Ntiro mwili wa mtu una kazi, na mtu mwenyewe ana jamaa zake.

Wapo watakaosema kwamba mila za Kiafrika zinakataza kuchora mwili. La hasha! Katika miamba ya Kondoa, mkoani Dodoma, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu wa kale walichora miili mirefu ya binadamu kwa rangi nyekundu. Wachongaji wa Kimakonde nao wamemchonga mama mwenye maziwa wazi, kwa heshima. Marufuku nayo haikuwahi kulimaliza suala hili. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya nguo fupi, mjadala mkali ulizuka magazetini, na waliosumbuliwa zaidi mitaani walikuwa wanawake.

Kiomboi haina haja ya kungoja vifaa kutoka ng'ambo. Gundi inayoshikamanisha rangi za maji hutokana na utomvu wa migunga, na migunga si migeni katika nyanda kame za Singida. Udongo mwekundu na masizi ya jikoni ni rangi tayari. Shuleni, mwanafunzi aanze kwa kuchora mkono wake mwenyewe, kisha mama anayepepeta uwele. Mwili mtupu uachiwe watu wazima walio vyuoni, chini ya mwalimu anayejua kazi yake. Na kila picha, ya Ulaya au ya nyumbani, iulizwe maswali yaleyale: Mwanamke huyu ni nani? Anafanya nini? Nani anamtazama, na kwa faida ya nani? Mwanafunzi aliyezoezwa kuuliza hivyo ataweza kujifunza mkono wa Flint bila kuazima jicho lake.