Afya ya Jamaa: Ini Lililobaki Nalo Lina Habari

Baba wa nyumba akirudi kutoka hospitali baada ya kupasuliwa kansa ya ini, jamaa yote hufurahi. Jirani huja kumsalimu, na watoto huambiwa: «Ugonjwa umetolewa.» Furaha hiyo ni ya haki. Lakini yafaa tujue kwamba katika wagonjwa kumi waliopasuliwa hivyo, hata saba huweza kurudiwa na kansa kabla ya miaka 5 kwisha. Je, mganga alikata vibaya?

Sivyo. Kansa ya ini hurudi kwa njia mbili. Ya kwanza: kabla ya siku ya kupasuliwa, chembe chache za lile donge zilikwisha kupenya katika mishipa midogo ya damu, zikajificha mahali pengine katika ini. Hizo hujionyesha upesi, mara nyingi kabla ya miaka 2. Ya pili: ini lililobaki lilikuwa limeharibika tangu zamani, kwa virusi vya hepatiti B au C, kwa pombe, au kwa sumu ya ukungu uotao juu ya karanga na mahindi yaliyowekwa penye unyevu. Humo huzaliwa donge jipya, lisilo mtoto wa lile la kwanza.

Kwa sababu hiyo nyama iliyokatwa haitupwi. Hupelekwa maabara, hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi, na mtaalamu huvitazama kwa hadubini. Akiona chembe za kansa ndani ya mishipa midogo, hiyo ni alama ya hatari. Pengine hutafuta pia protini iitwayo keratini 19, kwani donge lililo nayo huelekea kurudi upesi kuliko lisilo nayo.

Tena kuna jambo la ajabu. Mwaka 2008 Yujin Hoshida na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya vipande vya ini vya wagonjwa wa Japani, Ulaya na Marekani, vingine vilivyohifadhiwa katika nta zaidi ya miaka 20. Walisoma kazi ya jeni katika donge, wasipate jibu la hakika. Ndipo wakasoma ini lililozunguka donge, na humo jeni 186 zikaonyesha ni nani aliye katika hatari ya kurudiwa baada ya muda mrefu. Kipimo hicho si cha kila hospitali, lakini fundisho lake latufaa sote: mwenye kung'oa gugu autazame na udongo.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa nyumbani, umwulize mganga: «Nyama ile ilionekanaje? Na ini lililobaki lina hali gani?» Alama hizo si hukumu ya kifo, zaonyesha nani aangaliwe kwa ukaribu zaidi. Mgonjwa asiache kurudi kupimwa damu na kupigwa picha ya ini, hata akijiona mzima, kwani donge dogo halina maumivu. Akiwa na virusi vya hepatiti B, dawa za kuvizuia hupunguza hatari. Aache pombe kabisa. Karanga zenye ukungu zitupwe, zisiuzwe wala kupewa kuku. Na mtoto azaliwaye apate chanjo ya hepatiti B siku yake ya kwanza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.